Fulana na kapelo za maveterani wa Kagnew Station

Ukimchapia askari mstaafu "Vietnam" kifuani, hakuna atakayeuliza. Aliyekaa Kagnew Station, kituo cha Wamarekani cha kunasa mawasiliano ya redio kule Asmara, huulizwa hata na wanajeshi wenzake: ndiyo wapi huko? Kwa hiyo nguo yake ijibu kabla hajafungua mdomo. Jina la kituo juu, ASMARA chini yake kwa herufi za ukubwa uleule, kisha miaka.

Usianze kuchora kabla ya kumuuliza alikuwepo lini. Wamarekani walikichukua kituo hicho cha redio cha Waitaliano mwaka 1943, kikiitwa Radio Marina. Jina la Kagnew lilikuja 1953, na kituo kikafungwa 1977. Mzee wa 1949 ukimpa fulana ya Kagnew, umemvalisha historia ya wenzake. Hata mchoro una miaka yake: lile dishi kubwa la antena la kituoni hapo, lililoitwa Stonehouse, kipenyo futi 150, linapendeza sana mgongoni, lakini ni la miaka ya 1960. Aliyeondoka 1955 mchoree milingoti ya antena.

Jina la nchi mimi siweki, wala bendera. Wengi waliikuta Asmara chini ya Ethiopia. Tangu 1993 ni mji mkuu wa Eritrea huru. Huo mjadala fulana haiuwezi. Nembo rasmi za jeshi la Marekani nazo ziache kama huna kibali, maana zinalindwa kisheria, na kuziuza ovyo ni kujitafutia kesi.

Kapelo ndiyo itakayovaliwa kila siku, basi idarizi vizuri. Herufi isishuke chini ya milimita 5. Ikishuka, uzi unaziba tundu la "e" na linabaki donge tu. Ndiyo maana naandika KAGNEW kwa herufi kubwa tupu. Nafasi ikibana, punguza maneno, usipunguze herufi.

Fulana chukua ya pamba, pana kidogo. Wateja hawa si vijana. Wino wa plastisol, ule wa plastiki wa kuchapia nguo, lazima upate joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi mpaka ndani, siyo juu juu. Ikipoa, ivute kwa mikono miwili pale penye maandishi. Wino ukipasuka, haujaiva: irudishe kwenye joto kabla hujachapa nyingine.