Kununua nyumba ya kwanza ya kupangisha Dar es Salaam

Anza na hesabu kabla ya kuzunguka na dalali. Nyumba ya vyumba 6, kila kimoja 60,000 kwa mwezi, huingiza 4,320,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa wazi (360,000), kisha tuseme 960,000 za matengenezo na kodi ya serikali: zinabaki 3,000,000. Ikiuzwa 45,000,000, pesa yako itarudi baada ya miaka 15. Kodi ya vyumba usiambiwe na muuzaji. Waulize wapangaji wenyewe, maana wauzaji wengi huitaja kubwa.

Kagua wakati wa masika. Alama ya maji ukutani, choo kilichojaa na LUKU (mita ya umeme) moja inayogombaniwa na vyumba vyote ndivyo vinavyofukuza wapangaji.

Kwenye karatasi ndipo wengi huumia. Barua ya serikali ya mtaa pekee haithibitishi umiliki. Kama kuna hati, omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, uone jina la mmiliki na kama benki imeishikilia kwa mkopo. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi; nyumba ya urithi, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Malipo yapitie benki, mbele ya wakili.