Asterisk kwenye bando dogo: panga sauti ya milisekunde 60 kwa pakiti

Nipo Ujiji, nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inayoendesha Asterisk, programu ya kuunganisha simu, ili niongee na ndugu zangu wa Tabora kwa intaneti ya simu. Nimegundua jana kwamba kinachokula bando ni pakiti zenyewe kuliko sauti. Kodeki (kibana sauti) ya GSM hutoa baiti 33 za sauti kila milisekunde 20, lakini kila pakiti hubeba pia baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya kuifikisha na kuipanga. Ni kama kumfungia kila dagaa gunia lake. Kwenye pjsip.conf (faili la mipangilio ya Asterisk), upande wa endpoint, yaani sehemu ya simu husika, andika:

allow=!all,gsm:60

Fanya reload ili Asterisk isome faili upya. Kila pakiti sasa inabeba milisekunde 60, hivyo pakiti 50 kwa sekunde zinashuka hadi 17 hivi, na dakika moja ya kuongea inatoka takriban KB 219 hadi KB 139 kwa kila upande. Kuhakiki, washa "rtp set debug on" kwenye konsoli ya Asterisk uangalie mwisho wa mstari wa Sent: len 000099 (baiti 33 mara tatu) maana yake imekubali, 000033 bado.

Inapogoma: mtandao ukiwa unadondosha pakiti, usiku hasa wakati kila mtu yupo hewani, kila inayopotea inaondoka na silabi nzima, na mama atakwambia "mbona unakatakata maneno?" Hapo rudi 20, au jaribu 40. Pia baadhi ya programu za simu hupuuza ombi hili na kuendelea kutuma za 20, kwa hiyo utaokoa upande wako tu.