Kumtafutia mbwa mwoga nyumba mpya hapa Nairobi

Kama umeokota mbwa barabarani ukamlisha akapona, na sasa unaona huwezi kuendelea kukaa naye, tafadhali usimpe mtu wa kwanza anayesema "niletee mimi". Najua presha iko, landilodi ameshalalamika na keateka anakuangalia vibaya kila asubuhi, lakini mbwa mwoga akipelekwa haraka haraka anatoroka, na akitoroka kwa hii Nairobi yetu na magari yalivyo, kumpata ni bahati.

Mimi nilikuwa na Simsim, nilimtoa kwa mtaro Kawangware. Miezi miwili ya kwanza alikuwa anakula tu nikimpa mgongo, nikigeuka hivi anaacha sahani anaenda kujificha nyuma ya mitungi ya maji. Mtu wa kwanza niliyempa alikuwa na roho nzuri kabisa, lakini anaishi fleti, watu wanapanda na kushuka ngazi usiku na mchana, siku ya pili mlango ukaachwa wazi kidogo tu akapotea. Tulimtafuta siku nne ndipo tukampata. Kosa lilikuwa langu, niliangalia roho ya mtu nikasahau kuangalia mlango wake.

Anza na afya. Mpeleke kwa veti apate chanjo ya kichaa cha mbwa (hii inarudiwa kila mwaka, kwa hivyo weka kadi vizuri), apewe dawa ya minyoo, na kama ameshafika umri afungwe kizazi kabla hajaenda popote, kwa sababu ukimpa mtu jike mzima hivyo hivyo, baada ya miezi michache watoto wake watakuwa kwa mtaro ule ule. Ukikwama, KSPCA (shirika la kutunza wanyama) wako kule Karen, wamefanya kazi ya wanyama tangu 1910, lakini piga simu kwanza usiende tu na mbwa mkononi.

Ukimtangaza sema ukweli wote. Usiandike "mpole sana" ukaachia hapo. Andika anaogopa nini: mwanaume mwenye fimbo, bodaboda, ufagio, mvua kwa mabati. Weka video akiwa amejikunja pembeni. Watakaopiga simu wengi wanataka mbwa wa kulinda, wa kufungiwa mchana kwa kibanda na kufunguliwa usiku, na hao waambie hapana bila kuona haya, kwa sababu mbwa mwoga akifungiwa hivyo hawi mkali wa maana, anazidi kuogopa na siku moja anauma mtoto aliyeenda kumsalimia tu.

Unachotafuta ni ukuta au ua usio na mashimo, geti inayofungwa, nyumba isiyo na kelele, mtu anayeshinda nyumbani, na ikiwezekana mbwa mwingine mtulivu, huyo ndiye mwalimu kushinda mimi na wewe. Uliza watoto wana miaka mingapi. Nenda ukaione hiyo geti mwenyewe.

Halafu waje kwako kwanza, si mara moja, hata mara tatu. Mgeni akae chini, amgeuzie ubavu, asimkazie macho, aangushe vipande vidogo vya maini na aendelee na stori zake. Mbwa ndiye aende kwake. Akifika amguse kifuani, asimpitishie mkono juu ya kichwa. Ukiona analamba midomo, anapiga miayo na hana usingizi, au mkia umeingia katikati ya miguu, hapo inatosha kwa siku hiyo.

Siku ya kuhama usimpandishe matatu. Tafuta gari, mfunge kamba mbili, moja kwa kola na nyingine kwa mkanda wa kifuani, na mlango wa gari usifunguliwe mpaka geti ifungwe kabisa. Beba gunia analolalia na usilifue, ile harufu ndiyo nyumbani kwake. Epuka wiki za Diwali na mwaka mpya kwa sababu ya fataki. Kule apewe kona moja tulivu, asiogeshwe, majirani wasiitwe kuja kumuona. Watu wa mbwa husema siku 3 atulie, wiki 3 azoee ratiba, miezi 3 ajue hapa ni kwake, lakini hiyo ni makadirio tu, wengine huchukua zaidi.

Andikianeni, hata kwa meseji, kwamba wakishindwa wanamrudisha kwako na si kwa mtu mwingine. Na usiende kumtembelea mapema, akikusikia sauti unamrudisha nyuma, omba video tu. Simsim alienda kwa mama mmoja Ngong mwenye mbwa mzee, na wiki ya tano nikatumiwa video ya sekunde kumi hivi, ako kwa sahani anakula, huyo mama amekaa hatua mbili mbele yake anachambua sukuma, na Simsim anamwangalia huku akitafuna.