Bega na kiwiko: ninavyopima kabla ya kuomba eksirei

Wiki iliyopita mwanafunzi aliye kwetu kwa mazoezi ya kazi aliniletea mama mmoja wa Kongowea, mpishi wa mahamri na mbaazi. Kwenye kadi alikuwa ameshaandika "kano za bega", yaani zile nyuzi zinazoshikisha msuli kwenye mfupa. Tulimpima upya sote wawili, hivi.

1. Maneno kwanza. Uliza kazi, uliza usingizi. Hamali wa magunia na mama anayekuna nazi hawaumii mahali pamoja. Bega la kushoto likiuma mtu akipanda ngazi, wala haliumi akiinua mkono, usilishughulikie bega, fikiria moyo. Kiungo chenye moto pamoja na homa ni cha daktari siku hiyo hiyo.

2. Shingo. Mwambie aigeuze huku na huku. Maumivu yakishuka mkononi, shida huenda iko shingoni.

3. Tazama. Nguo itoke. Kwa akina mama natumia leso iliyofungwa chini ya makwapa, mabega yote mawili yaonekane, nami nasimama nyuma.

4. Ainue mwenyewe. Ainue mkono kwa upande. Akiumia kati ya digrii 60 na 120 kisha akapata nafuu, shuku kano. Akiumia mwisho kabisa, juu, bonyeza pale mtulinga unapokutana na bega.

5. Sasa umzungushe wewe. Hapa ndipo nilipompotezea fundi cherehani mmoja miezi miwili. Alikuwa hafikishi mkono juu, nikaandika kano, nikampa mazoezi ya kuvuta mpira. Kuzungusha nje nilikuwa nimempima, ila alikuwa amesimama, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye kiganja. Kiganja kilikwenda nje vizuri sana, kwa kuwa kiwiliwili chote kilikuwa kinageuka nacho. Bega lenyewe lilikuwa limeganda.

Kwa hiyo mlaze chali. Kiwiko kikunjwe digrii 90, kibanwe ubavuni, na taulo ndogo katikati. Mkono wako mmoja uzuie bega lisinyanyuke, wa pili ushike kilimbili (kifundo cha mkono), upeleke kigasha (kutoka kiwiko hadi kilimbili) nje taratibu. Anza na upande usiouma, ndio kipimo chako. Tumia goniomita ya plastiki, kile kifaa cha kupimia pembe ya kiungo. Programu za simu sizipendi, na kukadiria kwa jicho ndiko kulikonidanganya.

Akishindwa kupeleka mwenyewe lakini wewe ukafika, tatizo laelekea kuwa kano au msuli. Mkigota wote wawili pale pale, kama mlango uliotiwa komeo, fikiria bega lililoganda, hasa kwa mtu wa miaka 40 hadi 60 au mwenye sukari. Lakini ngoja. Akikaza misuli kwa woga utagota vilevile: mwache apumue, rudia. Kiungo kilicholika nacho hugota. Na kama yote yalianza baada ya kifafa au kupigwa na umeme, usisukume hata kidogo. Bega huenda limeteguka kwa nyuma, na picha ya mbele peke yake yaweza kuonekana salama. Omba na ya kupitia kwapani.

6. Nguvu. Kiwiko kikiwa bado ubavuni, akusukume nje, umzuie. Inatosha. Majina ishirini ya vipimo ni ya mtihani.

7. Kiwiko. Aliyeanguka anyooshe mkono wote. Asipoweza kuunyoosha kabisa, eksirei. Wengine wengi ni watu wa kukamua, kusokota na kukuna. Mkono ukiwa umenyooka, akunje ngumi ainue kilimbili juu huku ukimzuia. Akiumia kwenye nundu ya nje ya kiwiko, umepata. Nundu ya ndani: geuza, akunje kilimbili chini. Kidole kidogo kikifa ganzi, gonga polepole nyuma ya nundu hiyo ya ndani, neva inapita hapo.

Yule mama wa mahamri tulimlaza. Bega zima lilifika digrii 60, bovu 10, yeye mwenyewe 10, mimi 10. Mwanafunzi akalifuta neno "kano" kwenye kadi, tukamwandikia kipimo cha sukari. Mama alitaka kujua jambo moja tu: lini ataweza kujisuka nywele mwenyewe.