Fuata shamba na deni: jinsi ya kumtafuta mhenga aliyeishi Marekani enzi za ukoloni

Wanangu wana bibi wawili. Mmoja yuko Muheza, mwingine yuko upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, Maryland. Bibi wa Muheza ukimwuliza ukoo anakutajia vizazi sita papo hapo. Wa Maryland anafungua kabati na kutoa makaratasi. Nilianza kuyasoma kwa ajili ya wanangu, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwasaidia Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa Marekani, ambao watoto wao wanauliza upande wa pili wa ukoo ulitoka wapi.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Karatasi nyingi za karne ya 17 hazikuandikwa ili mtu akumbukwe. Ziliandikwa kwa sababu mtu alidaiwa kodi, alipewa ardhi, alishtakiwa, au alikufa akiacha deni. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza jina lake liko wapi. Uliza: alikuwa na shamba gani, na nani alikuwa anadaiana naye?

Nitatumia mfano wa Anthony Johnson, Mwafrika aliyeishi Virginia na kisha Maryland kuanzia miaka ya 1620. Namchagua kwa sababu karibu kila aina ya karatasi utakayokutana nayo imemgusa.

Hatua ya 1: Anza na walio hai

Kila mtu anataka kuanzia melini. Amesikia kwamba ukoo ulikuja na Mayflower mwaka 1620, anaitafuta orodha ya abiria 102, anaona jina linalofanana na lake, basi kazi imekwisha. Hapo umejiunga na ukoo wa watu. Anza na cheti cha kifo cha babu, kitakachotaja wazazi wake, kisha rudi kizazi kimoja kimoja, na usivuke kizazi chochote mpaka upate karatasi inayosema fulani ni mtoto wa fulani.

Sensa ya Marekani itakubeba sehemu ya safari. Ya 1880 inaonyesha kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na wazazi wake walizaliwa wapi. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja majina ya watu huru wote. Kabla yake, hadi 1790, utapata jina la mkuu wa kaya tu na hesabu ya waliobaki. Ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921. Ikiwa ukoo wako ulikuwa utumwani, jina la mhenga huenda lisionekane kwenye sensa kabla ya 1870. Hapo utalazimika kuingia kwenye wasia na orodha za mali za aliyemmiliki. Inauma kuzisoma. Zisome hata hivyo.

Hatua ya 2: Ijue kaunti kabla ya kumjua mtu

Ukifika nyuma ya 1790, wilaya ndogo wanayoiita kaunti ndiyo kila kitu. Kodi, kesi, ardhi na mirathi vyote vilishughulikiwa kwenye mahakama ya kaunti. Tatizo ni kwamba kaunti ziligawanyika. Sehemu ya Virginia alikoishi Johnson iliitwa Accomack mwaka 1634, ikabadilishwa jina kuwa Northampton, na mwaka 1663 kipande cha kaskazini kikakatwa na kuitwa tena Accomack. Shamba halikusogea hata hatua moja, lakini habari zake sasa ziko kwenye madaftari ya kaunti mbili.

Jua pia kama mahakama iliungua. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka madaftari yao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mji ule uliungua mwaka 1865. Northampton ilisalimika: madaftari ya mahakama yake yanaanzia 1632 na hayajakatika.

Hatua ya 3: Tafuta ardhi

Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyeletwa koloni, na ekari hizo zilikwenda kwa aliyelipa nauli. Wengi walioletwa hivyo walikuwa watumishi wa mkataba, waliofungwa kwa miaka kadhaa kulipia safari; ukikulia kwenye mikonge ya Tanga utawakumbuka manamba, ingawa hawa mkataba wao uliweza kuuzwa kwa bwana mwingine.

Mwaka 1651 Johnson alipata ekari 250 kwa vichwa vitano, yaani watu watano walioletwa koloni, na hati inawataja wote watano. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanadhani mhenga aliyetajwa kwenye hati alifika mwaka ule ule, tena kaletwa na yule yule mwenye hati. Haki hizo za ekari 50 ziliuzwa na kununuliwa mkono kwa mkono, na hati iliweza kutoka miaka mingi baada ya mtu kushuka melini. Hati inakuambia tu kwamba mtu huyo alisemwa kuwa ameshaletwa kabla ya tarehe ile. Usiilazimishe iseme zaidi.

Hati za Virginia zinasomeka bure mtandaoni kwenye Library of Virginia. Za Maryland ziko kwenye mdlandrec.net, unajiandikisha tu. Andika pia majina ya majirani wote waliotajwa kwenye mipaka. Wake, wadhamini na mashahidi mara nyingi hutoka hapo.

Hatua ya 4: Soma daftari la mahakama ukurasa kwa ukurasa

Hatua hii usiikimbize. FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo ambayo nayo ni bure, sasa inaweza kutafuta neno ndani ya maandishi ya mkono, na imeniokolea miezi ya kazi. Lakini mashine hukosea, na makarani waliandika walivyosikia. Ukishapata ukurasa mmoja, soma kumi kabla yake na kumi baada yake.

Mwandiko utakusumbua wiki mbili, kisha utazoea. Herufi ff mwanzoni mwa jina ni F moja kubwa. "Ye" ni "the". "Jno" ni John. Alama ya X au herufi moja iliyochorwa pembeni ya jina ni sahihi ya asiyejua kuandika. Ichore kwenye daftari lako kama ilivyo, kwa sababu alama hiyo inaweza kukusaidia kutofautisha watu wawili wenye jina moja.

Sasa tazama ukurasa mmoja unavyoweza kusema. Nyumba ya Johnson ilishika moto, naye na mkewe Mary wakaiomba mahakama ya Northampton iwapunguzie mzigo. Mahakama ikamsamehe Mary na binti zao wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Hapo tumepata mke kwa jina, idadi ya mabinti, na habari ya moto. Tena wenyewe walieleza kwamba wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30. Sentensi hiyo ni dhahabu: inarudi moja kwa moja hadi miaka ya 1620, ambako orodha ya wakazi ya 1625 inamtaja Antonio aliyekuja na meli James mwaka 1621, na Mary aliyekuja na Margaret and John mwaka 1622. Wanahistoria wanawaona kuwa ndio hawa, na maombi yale ndiyo daraja kubwa linalowaunganisha.

Daftari hilo hilo linaonyesha pia kwamba mwaka 1655 Johnson alishinda kesi, akarudishiwa John Casor, Mwafrika mwenzake, awe mtumishi wake, ingawa Casor alidai muda wake ulikuwa umekwisha. Ukikuta jambo kama hili kwenye ukoo wako, liandike kamili. Casor naye alikuwa mtu, na pengine karatasi ya bwana wake ndiyo pekee iliyolitunza jina lake.

Hatua ya 5: Rekebisha tarehe

Maombi ya Johnson yana tarehe ya 28 Februari 1652. Kwetu huo ni mwaka 1653. Waingereza na makoloni yao, hadi 1752, walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Niliwahi kupoteza muda mwingi na wasia ulioandikwa Novemba 1698 na kuthibitishwa Januari 1698. Nilidhani ni watu wawili, baba na mwana. Alikuwa mmoja, na Januari ile ilikuja baada ya Novemba. Andika 1698/99, wote wataelewa.

Hatua ya 6: Wasia, na maneno ya undugu

Orodha ya mali ya marehemu itakuonyesha masufuria, ng'ombe na madeni. Tahadhari na maneno tu: neno ambalo leo ni mkwe ("son-in-law") liliweza kuwa mtoto wa kambo, na "mkubwa" ("Senior") na "mdogo" ("Junior") baada ya jina ni watu wawili wa kijiji kimoja, si lazima baba na mwanawe.

Hatua ya 7: Akitoweka, vuka mpaka

Johnson anapotea Virginia katikati ya miaka ya 1660 kwa sababu alihamia Somerset, Maryland, akakodi ekari 300. Alikufa huko mwaka 1670. Mwaka ule ule baraza la wazee wa mahakama Virginia liliamua kwamba shamba alilowahi kulimiliki lirudi kwa Mfalme, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi na hivyo mgeni. Angalia: uamuzi wa kunyang'anya ardhi ndio umetuachia ushahidi mwingine.

Maryland mashamba yalipewa majina, na jina lilibaki hata wenye shamba wakibadilika. Kwa hiyo huko tafuta kwa jina la shamba kwanza. Alilokodi mzee liliitwa Tonies Vineyard. Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44. Orodha ya 1625 haisemi Antonio alizaliwa wapi, lakini shamba la mjukuu linaitwa Angola.