Kujifundisha hisabati ukubwani: usiziruke sehemu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia fundi seremala mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye hisabati ilimpita tangu shule ya msingi na sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao mtu asiyepitia sekondari hufanya ili aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Hatua ya kwanza ni vifaa: daftari la miraba, penseli, kifutio, na vitabu vya Hisabati vya Taasisi ya Elimu Tanzania kuanzia darasa la tatu, bila kuona haya. Kikokotoo kiwekwe kando mpaka utakapoimaliza hatua ya nne.

Hatua ya pili ni jedwali la kuzidisha hadi 12 × 12, ambalo sharti ulihifadhi kwa moyo, pamoja na kugawanya kwa njia ndefu.

Hatua ya tatu ni sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/8, na hapa ndipo watu wazima wengi wanapokwama, kwa kuwa kanuni walizokaririshwa zimebaki bila maana. Mwanafunzi akipewa 1/2 + 3/8, hujumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, akapata 4/10. Kabla ya kumwonyesha kanuni, mwulize kama 4/10 ni kubwa kuliko nusu. Si kubwa, basi inawezekanaje nusu iongezewe kitu kisha ipungue? Baada ya hapo chukua futi kamba yenye inchi, ambayo naiona bora kuliko michoro ya duara iliyomo vitabuni, umwonyeshe kwamba nusu inchi ni vipande vinne vya 1/8. Vinne na vitatu ni saba: jibu ni 7/8.

Lakini futi kamba ina mipaka yake. Alama zake za inchi kwa kawaida ni za nusu, robo, 1/8 na 1/16, kwa hiyo anayeitegemea peke yake atashindwa akikutana na 1/3 + 2/5. Hapo ndipo Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili, kinapohitajika: cha 3 na 5 ni 15, hivyo tunapata 5/15 + 6/15, yaani 11/15.

Kugawanya kwa sehemu kunahitaji subira zaidi. Ubao wa futi 6 utatoa vipande vingapi vya 3/4 ya futi? Usianze kwa kugeuza sehemu juu chini. Hesabu robo kwanza: kila futi ina robo 4, kwa hiyo ubao mzima una robo 24, na kila kipande kinachukua robo 3, basi vipande ni 8. Umezidisha kwa 4 na kugawanya kwa 3, na hiyo ndiyo kanuni ya kugeuza, ambayo sasa ina sababu. Rudia kwa vipimo vingine mpaka uweze kumweleza mtu mwingine bila kuangalia daftari. Asiyeweza asiende mbele, hata kama majibu yake yote ni sahihi.

Hatua ya nne, desimali na asilimia, huenda upesi, kwa sababu hizo ni sehemu zenye asili ya 10, 100 na kuendelea.

Hatua ya tano ni aljebra, ambamo herufi kama x husimama badala ya namba inayotafutwa. Anza na 3x + 5 = 20: ondoa 5 pande zote mbili, gawanya kwa 3, upate x = 5. Kisha jaribu (3/4)x = 6, ambalo ni swali lile lile la ubao. Kila jibu lirudishe kwenye mlinganyo wake wa mwanzo na uhakikishe kwamba pande mbili zinalingana kabla hujafungua ukurasa wa majibu.