Slivu ya kusinyaa kwa joto: kuipima, kuipiga moto na kuizamisha kisimani

Slivu ya kusinyaa ni mrija wa plastiki unaovishwa juu ya kiungo cha waya, kisha unapigwa joto ili ubane. Slivu moja ina vipenyo viwili. Kuna kile inachouzwa nacho, na kuna kile inachofikia ikishapigwa joto. Cha kwanza kinakuonyesha kama itapita juu ya kiungo, cha pili kama itaushika waya. Wanunuzi wengi hutazama cha kwanza tu, kisha wanashangaa maji yameingiaje.

Chukua waya wa shaba wa 4 mm². Pamoja na ganda lake la plastiki una unene wa milimita 4.2 hivi. Ukiuunga kwa kiunganishi cha kubana, kiunganishi chenyewe kinafika kama milimita 7 kwa nje. Kwa hiyo unatafuta slivu inayopita kwenye 7 na kushuka chini ya 4.2. Slivu ya 9 mm yenye uwiano wa 2:1 inashuka hadi 4.5. Itapita bila shida, itasinyaa bila shida, na bado itacheza juu ya waya kama shati la kuazima. Ukichukua ya 8 mm ya uwiano huohuo, inashuka hadi 4: inaugusa waya lakini haiubani. Slivu ya 9 mm yenye uwiano wa 3:1 inashuka hadi 3. Hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kanuni inayofaa ni hii: kipenyo cha mwisho kiwe chini ya unene wa waya kwa angalau sehemu moja ya tano, na kipenyo cha mwanzo kizidi sehemu nene kabisa ya kiungo kwa milimita moja au mbili. Usizidishe sana upande huo wa mwanzo. Mrija wa slivu kubwa uliolazimishwa kwenye waya mwembamba hukunjamana, na usichague iliyobana mno pia, kwa sababu slivu iliyozuiwa kusinyaa hadi mwisho hubaki na ukuta mwembamba kuliko ulioandikwa kwenye pakiti. Ukuta ndio kihami chako.

Kebo bapa haina kipenyo, hivyo ipime mzunguko. Zungusha uzi, upime urefu wake, gawa kwa 3.14. Kebo ya milimita 18 kwa 6 ina mzunguko wa karibu 43, yaani ni sawa na kebo ya duara ya milimita 13.6. Slivu pana nazo mara nyingine huuzwa zikiwa zimelazwa bapa, na namba inayotajwa ni upana. Zidisha upana huo kwa 0.64 upate kipenyo. Ngozi ya betri za 18650 (zile za duara za kuchaji) yenye upana wa 29.5 mm, kwa mfano, inatoa kipenyo cha 18.8, ndiyo maana inaingia kwenye betri ya milimita 18 ikiwa na nafasi kidogo.

Kuhusu malighafi, kazi nyingi za umeme zinataka poliolefini. Plastiki hii hupigwa mionzi ili molekuli zake zifungane, kisha hupashwa moto, hutanuliwa na kupozwa ikiwa imetanuka. Ukiipasha tena inarudi kwenye umbo lake la zamani. Raychem, kampuni iliyoanzishwa na Paul Cook huko California mwaka 1957, ndiyo iliyoijenga biashara yake juu ya jambo hilo. Poliolefini ya kawaida huanza kusinyaa kati ya nyuzi 70 na 90 za Selsiasi, humaliza kwenye 120 hivi, na inavumilia kazi ya kudumu hadi 125. Nyingi huwa na chapa ya 600 V na 125°C kwenye ganda. Slivu isiyo na maandishi yoyote iweke kwenye nyaya za redio na taa za betri, si kwenye umeme wa nyumba.

PVC ni rahisi kwa bei lakini hukakamaa na kupasuka mapema, hivyo ibaki kwenye kufunga betri. Ndani ya pasi, jiko la umeme au hita, usitie poliolefini kabisa. Huko tumia mrija wa nyuzi za kioo, au slivu ya PTFE (Tefloni) inayovumilia nyuzi 260. Lakini PTFE inahitaji zaidi ya nyuzi 320 ili isinyae, moto ambao utaharibu ganda la waya wa kawaida uliolala jirani.

Kisha kuna swali la gundi. Slivu yenye gundi ina kuta mbili: ya nje inasinyaa, ya ndani inayeyuka na kujaza kila upenyo. Isiyo na gundi inakinga mguso wa umeme na mikwaruzo tu. Haizuii maji hata ikibana namna gani, kwa sababu unyevu unapita kati yake na waya. Nje ya nyumba, chini ya pikipiki, kwenye boti, kwenye paa la sola, na popote pwani ambapo hewa ina chumvi, chukua ya gundi. Na kwenye jua chukua nyeusi, maana rangi nyingine na zile zinazoonyesha ndani huchoka mapema kwa mwanga.

Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, utakuta makasha ya vipande vya rangi nyingi. Karibu yote ni 2:1 bila gundi. Yanafaa kwa kazi za ndani na kuwekea alama, ila usiyaamini kisimani. Jaribio la kufanya kabla ya kununua roli nzima: kata kipande cha sentimita mbili, kipige joto kikiwa kitupu hadi kiache kusinyaa, kisha pima tundu. Ya 2:1 iwe imefika nusu, ya 3:1 theluthi. Ikisinyaa upande mmoja zaidi ya mwingine, ukuta wake hauko sawa, iache. Roli iliyokaa dirishani juani au ndani ya gari huenda imeanza kusinyaa yenyewe, kwa hiyo pima kipenyo chake cha mwanzo pia, usisome lebo tu.

Kuikata na kuipiga moto

Slivu hufupika kwa urefu pia, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Kata ukiwa umeliwekea hilo nafasi. Kwenye nyaya nyembamba acha ipande juu ya ganda zima angalau sentimita moja kila upande. Kwenye slivu ya gundi, sentimita mbili na nusu au tatu. Tumia mkasi mkali au kisu kipya, ukate wima. Mkato uliochanika ukingoni ni mwanzo wa mpasuko: joto likifika, ule mchaniko mdogo hutembea hadi katikati.

Iingize slivu kwenye waya kabla ya kuunga. Kila fundi analijua hili na kila fundi ameshawahi kulisahau. Isogeze mbali na kiungo, sentimita kumi au zaidi ukilehemu, kwa sababu shaba hubeba joto na slivu iliyo karibu itasinyaa kabla ya wakati wake na kukwama palepale.

Slivu haiokoi kiungo kibaya. Waya uliosokotwa kwa mkono bila kulehemu wala kubanwa utaendelea kupata moto ndani ya slivu, ila sasa huuoni. Vuta kiungo kwa nguvu kabla ya kukifunika. Kisha pitisha kidole juu yake taratibu. Solda ikipoa wakati pasi ya kulehemia inaondoka huacha mwiba mfupi, na uzi mmoja wa shaba ukibaki umesimama unafanya vivyo hivyo. Slivu ikisinyaa inabanwa juu ya ncha hiyo, na ukitazama kwa karibu unaona kidoa kilichong'aa, pengine na ncha nyekundu ya shaba ikichungulia. Sawazisha kwa tupa kwanza. Futa pia mafuta na flaksi (dawa ya kulehemia) kwa spiriti, uache pakauke.

Moto bora ni wa mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kwa slivu nyembamba iweke kwenye nyuzi 250 hadi 300, kwa nene ya gundi 350 hadi 400, mdomo ukiwa sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye slivu. Anzia katikati, zungushazungusha, kisha elekea ncha moja, halafu nyingine. Ukianzia ncha zote mbili unafungia hewa ndani, na hewa hiyo hufanya uvimbe usioisha. Usisimame sehemu moja. Ganda la waya wa nyumba limetengenezwa kwa kazi ya nyuzi 70, na ukilichelewesha kwenye moto linalainika na shaba inaanza kuhama kutoka katikati yake.

Kiberiti cha gesi kinatumika pale hakuna umeme, na hatuwezi kusema hakifanyi kazi. Tumia sehemu ya chini ya ndimi, ya bluu, upitishe haraka bila kugusa. Ndimi za njano huacha masizi, masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Draya ya nywele kwa kawaida haifiki joto la kutosha kuyeyusha gundi, hata kama inaanza kuisinyaza slivu. Hapo ndipo watu hudanganyika: nje inaonekana imebana, ndani gundi bado kavu.

Alama ya kwamba umemaliza ni pete nyembamba ya gundi inayochungulia pande zote mbili, mzunguko mzima. Ikitokea upande wa juu tu, geuza uendelee. Slivu ikianza kung'aa sana au kutoa malengelenge, umezidisha. Kata utoe, weka mpya. Ikishamalizika usiikunje hadi ipoe kabisa, maana gundi ya moto inavutika na kuacha njia.

Kiungo cha pampu ya kisima

Hapa ndipo slivu inapimwa kwelikweli. Pampu ya kuzama huja na waya mfupi wa mota, na wewe unauunga na kebo ndefu ya kushukia. Kiungo hicho kinakaa chini ya maji miaka yote. Tundu dogo kama la sindano linatosha: maji yanaingia, umeme unavuja, shaba inageuka kijani, swichi ya kinga inaanza kudondoka bila sababu inayoonekana. Kuitoa pampu iliyo mita 80 chini ni kazi ya siku nzima na watu kadhaa, kwa hiyo usihesabu gharama ya gundi.

Zima umeme, funga swichi kwa kufuli ikiwa imezimwa, thibitisha kwa mita. Tuchukue kebo yenye nyaya nne za 4 mm², tatu za umeme na moja ya ethi (waya wa ardhi). Kabla ya jambo lolote, pitisha slivu kubwa ya nje kwenye kebo: ya gundi, 24 mm inayoshuka hadi 8, urefu wa 450 mm. Isogeze mbali.

Viungo vinne visikae sambamba, vipishane. Toa ganda la nje la kebo urefu wa 240 mm kila upande. Kwenye upande wa mota, kata nyaya ziwe na urefu wa 60, 120, 180 na 240 mm. Kwenye upande wa kebo, fanya kinyume chake kwa rangi zilezile: 240, 180, 120 na 60. Kila jozi ikijumlishwa inatoa 300. Visha slivu ndogo za gundi za 9/3 (9 mm zinazoshuka hadi 3), urefu wa 100 mm, kila moja kwenye upande mrefu wa waya wake, ukiisukuma hadi kwenye ganda la nje.

Chuna ncha kwa urefu unaoingia kwenye kiunganishi hadi katikati yake, bana kwa koleo la kubania lenye saizi yake, si kwa plaizi. Plaizi hubapiza bomba na kuacha makali. Vuta. Kisha chukua msasa namba 120 usugue ganda la kila waya kwa kuzungusha, usisugue kwa urefu. Mikwaruzo ya urefu ni mifereji, maji yatafuata humo chini ya gundi. Futa kwa spiriti, pasha kiunganishi kidogo kwanza ili gundi ikamate, sogeza slivu kiunganishi kiwe katikati yake, ndipo uisinyaze. Baada ya kufupika itabaki na karibu 90 mm, yaani kiunganishi cha 30 mm kikiwa na sentimita tatu za kinga kila upande.

Zikipoa zote nne, sugua ganda la nje la kebo pande zote mbili kwa namna ileile. Pale nyaya zinapotawanyika kutoka kwenye ganda pana mianya ambayo slivu ya nje haiifikii. Ijaze kwa vipande vya mastiki, ile nta laini ya kuziba. Sogeza slivu kubwa ipande sentimita tano au zaidi kila upande, pasha kuanzia katikati. Hii inataka subira, dakika kadhaa, hadi pete ya gundi itokee mzunguko mzima.

Sasa jaribu, kabla kitu hakijashuka. Tenganisha kebo na sanduku la kuwashia, kwa sababu mega (mita ya kupimia kihami kwa volti nyingi) itaharibu vifaa vya elektroniki vilivyomo. Pima kwa mega ya 500 V kati ya nyaya za umeme na ethi, kiungo kikiwa kikavu, uandike namba. Zamisha kiungo kwenye ndoo ya maji pamoja na kipande cha shaba tupu, ncha za kebo zikiwa nje na kavu. Acha saa moja, ikiwezekana usiku kucha. Pima tena kati ya nyaya na shaba iliyo majini, kisha kati ya waya wa ethi na shaba hiyo, ethi ikiwa haijafungwa kwenye mwili wa pampu. Kiungo kizima husoma mamia ya megaohm na namba hutulia. Ikishuka huku unaitazama, maji yameingia: kata, anza upya.

Wakati wa kushusha, funga kebo kwenye bomba kila mita tatu hivi, na kiungo kikae kati ya vifungo viwili pasipo kuvutwa, mbali na maungio ya bomba, kisikwaruzane na ukuta wa kisima kila pampu inapowaka na kutikisika.